Aliyeamka Kwanza

Umeme ulikatika Kutaisi saa nane usiku,
ukarudi kwa hasira kabla chai ya Lamzira haijapoa.
Hasira ile iliua kadi moja ya mtandao,
kijidude cha ukubwa wa kiganja, kikanuka
kama nywele zilizoguswa na pasi.

Alikuwa na nyingine kwenye droo, haijafunguliwa.
Akaichomeka palepale, tundu lilelile, waya uleule,
akawasha seva, akangoja taa ya kijani.
Ikawaka. Na wodi ya wazazi ikabaki gizani:
si giza la taa, giza la majina.
"Watoto kumi na mmoja," Tsiala akasema kwenye simu,
"nawaona kwa macho, siwaoni kwenye kompyuta."

Zamani mashine ile ilikuwa na tabia mbaya.
Ina milango miwili: mmoja hutazama ndani, kwa wagonjwa,
wa pili hutazama nje, kwa dunia na wezi wake.
Ikiamka, huita: nani kaja kwanza?
Aliyewahi, eth0. Aliyechelewa, eth1.
Kwetu wangeitwa Kulwa na Doto,
ila Kulwa wetu huzaliwa mara moja tu;
hawa walizaliwa kila umeme uliporudi,
na mkunga wao hakuwa na kumbukumbu.
Siku Doto alipotangulia kwa kufumba na kufumbua
akavishwa jina la nduguye na kazi ya nduguye,
na bawabu wa ngome, asiyejua sura, anayejua majina,
akamkaribisha mpita njia, akamfungia mwenye nyumba.

Jumber ndiye aliyelikomesha.
Jumber wa masharubu, mla mbegu za alizeti juu ya kibodi,
alisoma namba ambayo kila kadi hutoka nayo kiwandani,
jozi sita, ndefu kama kutaja ukoo,
akaandika kwenye faili: mwenye alama hii ni eth0,
mwenye alama ile ni eth1,
achelewe, atangulie, ndiye.
Miaka tisa hakuna aliyekosea mlango.

Sasa Lamzira anaiuliza mashine: nani yupo?
Inajibu: eth0. Na eth2.
Eth2?
Anahesabu kwa vidole. Hakuna wa tatu.
Saa tisa kasoro anafungua faili ya Jumber,
anasoma, anaelewa, anakaa kitako sakafuni.
Eth1 haikuchukuliwa na mtu. Imewekwa.
Ni kiti cha marehemu, mgeni hakikalii,
hata kama wenyeji wote wamesimama.
Na juu ya mstari, maneno ya Jumber:
"Usiguse. Niulize. Simu ya ndani 24."
Siku hizi ishirini na nne hulia stoo ya dawa.

Angeweza kufuta yote.
Angeweza kushika mtindo wa sasa,
kumwita kila mmoja kwa mahali alipochomekwa:
wewe wa njia ya tatu, tundu la sifuri.
Jina linakuwa la kiti; mkaaji akifa, mkaaji mwingine.
Ni busara. Ataifanya, labda Jumatatu.
Usiku ule hakutaka majina ya viti.

Akanakili mstari, akabadili namba jozi kwa jozi,
akizitamka, maana macho ya saa tisa si ya kuaminiwa.
Ule wa zamani akautia alama ya reli mwanzoni,
alama inayoiambia mashine: hapa ruka,
na kumwachia binadamu asome.

Akazima, akawasha. Akazima, akawasha.
Mara tatu, kama mtu anayejaribu kitasa kipya.
Eth0. Eth1.

Ghorofani Tsiala alikuwa anafunga utepe
kwenye mkono wa pacha aliyezaliwa wa pili,
aliyelazwa, sijui na nani, upande wa wa kwanza.
Simu ikalia.
"Wameonekana," akasema. "Sasa printa je?"