Kuligonga Kasha

Zima taa kwanza, Bwana Bakshuweni.
Zima hizo rangi saba zinazozunguka kama pia ya mtoto.
Taa ni wanja,
na wanja haujamponya mwenye chongo.
Niache niligonge.

Nazi hugongwa, sikio likatafuta maji.
Tikiti hupigwa kofi pale Marikiti, na muuzaji hanuni.
Nami nililigonga kasha kwa kifundo cha kidole
ubavuni, pale bati lisipo na mkunjo wa kuliegemea.
Likajibu kwa sauti ya debe.
Methali ya debe tupu naijua. Sikuitaja.
Mwenye duka naye anaijua:
alikohoa, akaangalia barabara.

Kisha kidole, polepole, kwenye ukingo wa ndani.
Mfunguo Tatu iliyopita kasha la namna hii lilinikata,
damu ikadondokea bodi ya mtu.
Niliipangusa kwa spiriti, nikanyamaza.
Mwinyihaji, ilikuwa bodi yako.
Ilikuwa damu yangu.

Skrubu. Ya kwanza ilishika, ya pili ilishika,
ya tatu ikazunguka, ikazunguka,
kama ahadi ya mdeni.
Na rangi haikufika ndani ya tundu.
Hapa Sarigoi hewa yenyewe ina chumvi,
kitasa cha mlango wangu chageuka kahawia
kabla sijamaliza kukilipia;
tundu lisilo rangi
ni kutu iliyokwisha kulipiwa kodi.

Kioo? Kizuri. Kimepitishwa motoni, asema, hakivunjiki ovyo.
Lakini uso mzima ni kioo,
na nyuma yake feni tatu:
watu watatu wanapumua ndani ya shuka moja.
Na hii mashine haitakaa ofisini ikiandika barua.
Itakesha na harusi za watu.
Mwezi wa Februari, saa nane za mchana,
bibi arusi wa Mtwapa alikwama kwenye asilimia tisini,
mkono wa hina juu hewani,
mashine ikazima kwa joto
na shangazi zake wamekaa pale kwenye benchi, wanangoja.

Nisilidhulumu.
Kichujio cha chini kinachomoka kwa sumaku,
unakiosha bombani, unakirudisha.
Aliyekibuni amewahi kuliona vumbi.

Mamangu alidarizi kofia za vito.
Mnunuzi wa kupita aliitazama kofia kwa nje.
Mnunuzi mwenyewe alipewa ikiwa imepinduliwa,
na mama hakusema neno,
alingoja tu, sindano mdomoni.
Basi nikalipindua kasha, nikafungua upande wa nyuma,
kule nyaya zinakofichwa.
Kidole kimoja hakikuingia chote.
Vishikizo vya plastiki vinne,
kimoja kimekatika, na bado halijauzwa.

Elfu tisa na mia tano.

Pembeni, chini ya maboksi ya printa,
lilikuwako jingine. Jeusi, halina kioo,
uso wavu mtupu kama kawa,
vumbi juu yake limeandikwa jina la mtu kwa kidole.
Nililigonga. Likajibu kwa kifua.
Nililiinua, mgongo ukajua.
Kingo zimekunjwa mara mbili,
kidole kilikwenda kikarudi kizima.
Elfu sita, alisema, kwa sauti ya kuona haya.

Nikampigia Mwinyihaji.
“Lina taa?”
“Halina.”
Nilisikia feni yake ya dari.
“Wateja hupenda taa, Bishara.”
Na sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli:
wale shangazi watakaa na mashine hiyo siku nzima,
wataitazama wao, si mimi.

Basi nikaongeza mia nne, mkanda wa taa,
nikaubandika kwa nje,
kama maua kwenye gari la arusi.
Gundi yake itachoka kabla ya Ramadhani.

Meza yake niliipima shibiri tatu na nusu.
Kasha ni tatu.
Lapita.