Makopo Mawili

Virve ameyaweka makopo mawili juu ya gazeti,
kavibandua vifuniko kwa mpini wa kijiko,
kapaka ukutani viraka viwili, kila kimoja kama bahasha,
chini ya dirisha la chumba alichokiacha Maarika
alipohamia Tartu na kinanda chake.

"Tazama," ananiambia. "Hiki ni wino.
Hiki ni usiku wa manane."
Natazama. Naona giza,
na kando yake, pacha wake.

Miaka thelathini na tisa sijabishana naye kuhusu rangi.
Hata soksi zangu huzipanga yeye.
Lakini mwezi jana alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia,
na tangu alipobanduliwa bandeji
nyumba nzima inamshangaza:
kumbe mashuka ni meupe!
Kumbe maziwa hayakuwa na umanjano!
Siku ile aliniangalia na mimi, kitambo kirefu,
asiseme alichokiona.

Sasa amesimama mbele ya ukuta kama mtu anayelenga shabaha,
afumbe hili, afumbue lile.
"Kwa jicho jipya, cha kushoto kina zambarau ndani,
kama ganda la kome.
Kwa jicho la zamani
vyote viwili ni kaniki, ufue usifue."
"Basi mimi na jicho lako la zamani tunaelewana."
Hacheki.
Kisha anacheka.

Desemba, hapa Haapsalu, mchana ni njiti ya kiberiti.
Saa tisa na nusu jua limeshafunga duka.
Tunawasha taa. Anasema cha kulia kimegeuka.
Labda. Mimi nitajuaje?
Zamu yangu kwa daktari ni Machi, tarehe kumi na moja.
Hadi hapo ninao wangu, wawili, mmoja kila jicho,
wala sina haraka ya kutolewa,
maana katika ukungu huu
kitanda bado kipo pale tulipokibomoa
na blanketi limeinuka kidogo, kama juu ya goti.
Hili sijamwambia Virve.

"Tusubiri Machi," anasema, "nisije nikachagua peke yangu,"
anavigonga vifuniko kwa ngumi.

Usiku nimeamka, nikaingia humo bila taa,
nikaupapasa ukuta. Kimoja kilikuwa bado kibichi.

Asubuhi, mezani, gumba langu lina rangi.
"Ni ya kipi?" namwuliza.
Haulizi nilifuata nini kule.
Analishika gumba, analipeleka dirishani,
anafumba jicho moja, analisogeza puani karibu,
anafumba la pili.
"Ngoja kukuche," anasema.

Na kukucha hapa ni saa tatu.
Basi tumekaa, gumba langu mkononi mwake,
chai inapoa.