Hakuna Daraja Hapa

Jumapili, Zaragoza. Upepo wa kaskazini
unakata masikio, nami nimepiga magoti
mbele ya boksi la machungwa lisilo na machungwa:
vijitabu vya saizi ya mfuko wa koti,
vya enzi ya peseta tano.

Jaladani, mwanamke yule yule wa gauni jekundu.
Mchoraji hakuwa na fedha ya kukodi sura nyingine,
basi mke wa mwuza nyama wa mtaa wake
amekufa Hong Kong, amesaliti watu Lisbon,
ameshika bastola mara thelathini na moja
kwa mkono uliozoea kufunga soseji.

Mwandishi? Burt Halliwell, zasema herufi za njano.
Thubutu! Alikuwa Casimiro Lahoz,
karani wa wakili, mwenye kikohozi,
aliyevuka mpaka wa mkoa siku moja tu, ya harusi yake.
Ukungu wa London aliuazima mtoni Ebro.
Wiski aliieleza kwa ulimi uliojua anisi.
Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga,
lakini hawakumjua Casimiro:
yake ilikuwa kurasa mia na ishirini na nane,
kila wiki, miaka kumi na saba.

Navipenda. Siombi radhi.
Napenda mikrofilamu ndani ya zeituni,
santuri inayopigwa kwa sauti ya juu
ili vinasa sauti ukutani vipate muziki tu,
jasusi asiyevua kofia hata kitandani,
na busu linaloanza ukurasa wa tisini
likakatwa na mkasi wa serikali
kabla midomo haijafika.
Msaliti ni rafiki, daima. Kikulacho ki nguoni mwako:
nimelijua hilo tangu ukurasa wa kumi
na bado nashtuka.

Zamani hukununua. Ulibadilisha.
Kibandani kwa Bi Visitación ulitoa kimoja na sarafu,
ukachukua kingine,
na ili usijesoma mara mbili
uliacha alama yako kwa penseli, ukurasa wa arobaini.
Wengi waliweka herufi. Mmoja alichora samaki;
huyo alitaka nyambizi tu.
Mwingine hakuhitaji penseli,
vidole vyake vya mafuta vilimtosha.

Halafu yuko wa msalaba.

Wa msalaba hakuishia kwenye alama.
Casimiro anaandika kwamba jasusi, usiku, mjini Riga,
alivuka daraja la mawe akikimbia.
Pembeni, kwa mwandiko mdogo ulionyooka:
*Hakuna daraja hapa. Watu hupita juu ya barafu.*
Kitabu kingine: *Tramu hii haifiki stesheni.*
Kingine: *Walinzi hawavai hivi. Huvaa walichopata.*
Na palipo na chumba cha chini, taa, na kiti,
na shujaa anayejibu kwa mzaha:
*Aliyepigwa hapa hasemi kitu.*

Askari? Mfungwa? Jasusi wa kweli
aliyelipa sarafu kusoma kazi yake ikiharibiwa?
Nilimwuliza mwuzaji. Akapandisha mabega,
akapuliza mikono.

Leo nimepata kimoja ambacho sikuwa nacho.
Nimekisoma papo hapo, nimesimama,
nikitafuta penseli kuliko hadithi.
Hakuna kitu Vienna. Hakuna kitu ndani ya treni.
Mpaka mwisho kabisa, jasusi amerudi kwake,
ameinjika birika, amevua kofia — kwa mara ya kwanza! —
na amekaa jikoni gizani
akihesabu hatua za mtu anayepanda ngazi.
Zinapita mlango wake. Zinaendelea juu.
Birika linaanza kulia.

Pembeni: *Hapa ni kweli.*

Casimiro, ambaye hakufika popote.
Jiko lake, ngazi zake, mwaka ule.

Nimelipa yuro mbili kwa noti ya tano.
Mwuzaji hana chenji; amechomoa kingine bila kutazama,
cha nyambizi, jalada limeng'oka nusu.
Nimefungua ukurasa wa arobaini.

Samaki.