Taa za Pijo

Juzi kwenye daraja la Sabaki zilianza tena
kupepesa, kama jicho lililoingiwa na mchanga,
na lori tupu linalorudi Gongoni kupakia chumvi
likadhani nalisalimu, likanijibu:
mbili ndefu, moja fupi, na honi juu yake.
Nikacheka. Kisha giza likakaa
muda mrefu kidogo kuliko kicheko.

Fundi Chengo keshaniuzia globu mara mbili.
Za pili alinipa na dhamana ya mdomo.
"Ni barabara," asema, "na ni umri wa gari,"
na umri, bila shaka, hauna spea.

Basi Jumapili, baada ya alasiri, uani kwetu Barani,
nikafunua boneti, nikaiegemeza kwa mti wa deki.
Mama akaleta mbuzi yake, akaikalia,
akakuna nazi akinitazama kwa jicho moja.

Nikaanza na betri. Vichwa vyake safi;
nilivisugua mwenyewe Ramadhani.
Fyuzi nzima. Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha.
Swichi nikaichezea, washa, zima, washa,
mpaka Mama akauliza kama naita ndege ishuke.
Nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma,
taa hazikuongezeka wala kufifia,
kwa hiyo si alternata, elfu nane zimepona.
Zilipepesa zinapotaka. Zote mbili. Pamoja.
Na hapo ndipo ningeanzia:
globu mbili haziugui saa moja dakika moja
ila zimekunywa kisima kimoja.

Nikaufuata waya mweusi kwa kidole,
chini ya betri, nyuma ya honi, kwenye masizi,
mpaka ulipofungwa kwenye bodi
kwa nati namba kumi iliyovimba kutu.
Nikautikisa. Ukutani kwa Bwana Swabir, kivulini,
mwanga ukatikisika.
Nikaukandamiza. Ukatulia.
Nikauachia.
"Mama! Umeona?"
"Nimeona nini? Naona mtu anapapasa chuma."

Chumvi. Usiku yaletwa na upepo,
mchana naileta mimi, kwenye soli,
kwenye nywele, kutoka kazini.
Nati ikakataa. Nikaitilia mafuta ya cherehani,
nikaisubiri kama mgeni aliye chooni.
Ikasema ki! Ikakubali.

Chini yake, imekunjwa mara nne,
karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara,
imepigwa ukucha pembe kwa pembe
jinsi Baba alivyokunja risiti, noti,
hata barua za benki asizotaka kuzijibu.
Kumbe aliijua. Usiku fulani, labda darajani pale pale,
alishuka, akajipapasa mifukoni,
akaziba pengo kwa alichokuwa nacho.

Mama akaacha nazi.
"Nipa."
Akainusa, kutu na grisi na yote.
"Alinambia kaacha mwaka wa El Nino.
Kwa jina la Mungu alinambia."
"Labda hii ni ya kabla, Mama."
"Gari hii aliinunua mwaka uliofuata."

Sikuwa na la kusema. Nikashika msasa,
nikasugua bodi mpaka ikawa nyeupe kama jino,
nikasugua na pete ya waya, ndani na nje,
nikakaza mpaka spana ikaniambia basi,
kisha grisi juu, ya kuizuia bahari.

Magharibi ikaadhiniwa. Nikawasha.

Ukuta wa Bwana Swabir ukatokeza wima,
na mjusi katikati, hajui akimbilie wapi.
Tukahesabu hadi sitini,
mimi kwa sauti, Mama kwa midomo.
Hazikupepesa.
Ila ya kushoto yatazama juu mno, dirishani,
na dirisha likafunguka:
"Nyie! Mnanimulika natawadha!"

Nikazima. Mama alikuwa keshaifunga karatasi
kwenye pindo la leso, fundo juu ya fundo.
"Na zile peremende," alisema, akiirudia nazi gizani,
"miaka yote ile, mfukoni, kila akirudi.
Nami nikidhani anapenda peremende."