Jina la Mke wa Lutu

Shule ya Jumapili, Jomvu Kuu.
Dzame, jino la mbele limeng'oka, auliza:
"Mwalimu, mke wa Lutu aliitwa nani?"

Nafunua Mwanzo. Nafunua tena.
Abramu aliongezewa silabi nzima,
punda wa Balaamu alipewa hata kauli;
huyu, nguzo tu, na chumvi.

Ningejibu kama nilivyofunzwa: aliasi, akageuka.
Ila nakumbuka tingatinga uchochoroni kwetu, Mikindani,
askari akifoka, "Twende, msiangalie nyuma!"
Mama akaangalia.
Wali wa nazi ulikuwa motoni,
na mlango, wa buluu, aliupaka mwenyewe.

Hakugeuka jiwe. Alitembea hadi Miritini
pindo la leso likikakamaa kwa chumvi,
mimi nimelishika.

"Mbodze," namwambia Dzame.
"Andika. Herufi kubwa mwanzoni."