Masizi

Kwanza ni masizi.
Shangazi Domitila aliwasha kibatari cha utambi mnene,
akaipitisha karatasi nyeupe juu ya moshi
polepole, kama mtu anayekausha nepi jikoni,
mpaka ikawa nyeusi ti, nyororo,
nyeusi ya kushika alama hata ya pumzi.
"Usipige chafya," aliniambia. Nilikuwa na miaka tisa.
Nikapiga.
Tukaanza upya.

Copiapó, kaskazini mwa Chile, mvua ni hadithi.
Kinachosema pale ni ardhi.
Usiku vikombe hugongana kabatini
na wanawake huhesabu kitandani: moja, mbili, tatu;
ukifika kumi na bado unahesabu, toka nje.
Yeye, binti wa miaka saba, alihesabu mpaka sabini
akiwa uani, mkononi saa ya baba yake
aliyemwambia, nishikie, nafuata koti.

Wenzake walirithi woga. Yeye alirithi saa.

Chuoni Santiago walimpa kiti kando ya mlango,
ili siku akichoka asisumbue watu akitoka.
Profesa aliita majina: Bwana fulani, Bwana fulani,
akifika kwake, alikohoa.
Miaka mitano alikuwa kikohozi.
Cheti chake kilipotoka kilisema Domitilo.
Hakurudi kulalamika. Alitafuta wembe,
akaikwangua ile o, akaitia mkia.

Kituo cha kupima matetemeko kilikuwa na mkuu, Bwana Larraguibel,
mtu wa glavu na salamu ndefu.
"Binti, mwanamke na masizi kwao ni jikoni."
Hakujua ameitaja kazi yenyewe.
Maana mtambo wake, uliokuja kwa meli kutoka Ujerumani,
huandika kwa sindano juu ya karatasi ya moshi,
na vijana wake walikuwa wakiziunguza tu, mwezi wa tatu huo.
Kesho yake Shangazi akarudi na karatasi moja,
kaishika kwa ncha za vidole,
nyeusi sawasawa, haina kipara wala kovu.
Akaajiriwa kupaka.
Si kusoma.

Basi akasoma usiku,
kwa mshumaa alioununua mwenyewe,
miaka kumi na moja,
akipima kwa rula mistari myembamba kama unywele,
akitenga mtetemo wa baruti ya mgodini na wa gari moshi,
wa gari moshi na wa nyumbu anayejikuna ukutani,
na yote hiyo na ule wa chini kabisa, usiobisha hodi.

Jumapili alipita nyumba kwa nyumba na daftari:
Juzi vimevunjika vikombe vingapi?
Kina mama walimjibu kabla hajaketi.
Kwa Bi Escolástica, mtaa wa mwambani: viwili.
Kwa fundi viatu, ukingoni mwa mto: vyote, na birika.
Mwamba, kimoja. Mchanga, tisa. Mchanga, kumi na viwili.
Ramani ikajichora yenyewe: mji mmoja, ardhi mbili,
moja hutikisika, nyingine hucheza.

Aliipeleka Santiago. Wakaiita sayansi ya vyombo,
wakacheka, wakaifungia sandukuni.
Ilipochapishwa ilikuwa na jina la Bwana Larraguibel
na vikombe vimeondolewa.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kama hakulia.
"Nililia," akasema. "Halafu ikafika saa kumi na mbili,
na karatasi hubadilishwa saa kumi na mbili."

Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana peke yake alimsadiki,
akayapandisha madawati mwambani, watu wakimsema.
Novemba ile sitaki kuisimulia.
Nitasema tu kwamba asubuhi yake, kule juu,
majina yaliitwa yote, na yote yakaitika.

Alikufa mikono ikiwa safi; ilinishangaza.
Nimebaki na sanduku la karatasi zilizopakwa vanishi.
Katikati ya matetemeko makubwa ipo moja
yenye doa, kama unga uliomwagika gizani.
Chini yake, kwa mwandiko wake mdogo:
Saa nne na dakika sita asubuhi. Eulalia. Chafya.
Chanzo: karibu sana.