Tumbo la Ndege

Boksi nililitoa kwenye robota la vichezeo vya mitumba,
soko la Soroti, kwa bei ya sahani mbili za maharagwe.
Pembe moja imeliwa na panya. Ndani, vipande mia na kitu
bado vimeng'ang'ania fremu zao kama meno ya utotoni.
Gurudumu la mkia halipo.
Mtunga shabaha hana kichwa.

Mimi fundi saa. Nina koleo, nina lenzi ya jicho,
nina subira ya mtu anayelipwa kesho.
Baba alikaza nati za ndege jeshini;
Kiswahili hiki nilikiokota kambini pamoja na majina ya spana,
na mpaka leo sijui kukitumia kwa mapenzi.

Nikaanza na rubani.
Kiti chake kikubwa kama punje ya hindi.
Nikamfunga mkanda wa karatasi ya sigara,
nikamchorea saa mkononi kwa unywele mmoja wa brashi:
saa nne na dakika kumi, kama zile za dirishani kwangu.
Kisha nikabana nusu mbili za kiwiliwili,
gundi ikashika,
na hakuna atakayemwona tena.
Usiniulize kwa nini. Fundi mwenzangu hataniuliza.

Bawa la kushoto lilikataa. Nikalipiga msasa siku tatu.
Gurudumu nikalichonga kwenye soli ya kandambili;
antena ni waya wa redio ya marehemu Okalebo;
kichwa cha mtunga shabaha ni mtama, punje moja,
na kinamkaa vizuri.
Kijani ni ya geti la shule. Kahawia, dawa ya viatu.
Masizi niliyapangusa kwa kidole kwenye chungu cha Ajilong
nikayapaka nyuma ya mabomba ya moshi,
jinsi injini iliyochoka inavyotema.
Hata kutu niliitengeneza. Hata mikwaruzo ya buti
pale wanapopandia.
Wiki tano. Nilijisifu, sitaficha.

Ajilong akaja kudai masizi yake, kwa mzaha,
vidole vinanuka karanga za kukaanga.
Nikamwonyesha mgongo, vioo, bunduki za mkiani,
ribiti nilizozidonoa kwa sindano, moja moja.
Hakusema kitu.
Akaichukua, akaipindua
kama mtu anavyopindua kuku sokoni,
akatazama tumbo.

Tumbo nilikuwa nimelipitishia rangi mara moja tu, haraka.
Nani hutazama chini ya ndege?

"Ndiyo hii," akasema. "Ile yetu sikuiona mgongo.
Tulikuwa ndani ya muhogo, mama amenilalia,
jicho langu moja liko nje ya kwapa lake.
Palikuwa na mlango hapa. Mrefu. Ulifunguka taratibu,
kama wa mtu asiyetarajia mgeni.
Rubani umemchorea saa.
Mlango wangu mbona ni mstari wa kalamu?"

Akairudisha mezani, tumbo juu.
Masizi akayasahau.

Usiku ule umeme ulikatika. Nikawasha koroboi,
nikaupasua ule mstari kwa wembe.
Bawaba nne, za uzi wa shaba, nywele tupu.
Nikaufungua mlango, nikaufunga, nikaufungua,
mpaka mafuta yakaisha
na mkono ukaendelea gizani.

Mabomu yalikuja sita kwenye boksi.
Yako ndani ya kopo la skrubu. Sijayapaka rangi.

Wateja wanasema: itundike darini kwa uzi wa nailoni,
iwe kama inaruka.
Hapana.
Iko chini, juu ya kigoda, karibu na kizingiti.
Ukitaka kuiona, inama.

Juzi kifaranga cha Ajilong kilipanda bawa la kushoto,
kikasimama, kikanya, kikashuka.
Sijapafuta.